Filamu sita, jioni moja: ipi uiwashe?

Ukimwomba mpenzi wa sinema akutajie filamu nzuri za miaka hii ya karibuni, atakumwagia orodha ya tuzo. Orodha hiyo haikufikishi mbali. Filamu iliyochukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, ukiiwasha saa nne usiku, chumbani watu wanapiga soga na sauti inatoka kwenye spika ndogo za runinga, itakushinda ndani ya nusu saa, na wala kosa si lake. Kinachoamua ni muda ulio nao, lugha unayoimudu, kioo kilicho mbele yako na nani amekaa pembeni.

Hapa zimewekwa sita, kila moja ya aina yake. Dune: Part Two (2024) ya Denis Villeneuve ni sayansi ya kubuni yenye vita na unabii. Sinners (2025) ya Ryan Coogler ni ya kutisha, ila imejaa muziki wa bluzi. Conclave (2024) ya Edward Berger ni taharuki ya makardinali waliofungiwa kumchagua Papa. Anatomy of a Fall (2023) ya Justine Triet ni ya mahakamani. Flow (2024) ya Gints Zilbalodis ni katuni isiyo na neno hata moja. Godzilla Minus One (2023) ya Takashi Yamazaki ni ya dubwana. Zote sita zimetengenezwa vizuri, kwa hiyo asitafute mtu hapa ipi ni bingwa.

Zimepimwa kwa nini

Mambo matano yale yale kwa kila filamu: muda wake, na kama inakatika katikati, lugha, kioo na sauti inayotaka, nani asiwepo chumbani, na mahali ambapo watazamaji wengi huizima. Hilo la mwisho halisemwi sana, kumbe ndilo lenye faida kubwa. Ukijua mapema kwamba saa ya kwanza inakwenda taratibu kwa makusudi, unavumilia. Usipojua, unadhani umepewa filamu mbovu.

Tuzo hazimo kwenye mizani. Conclave na Anatomy of a Fall zote zina Oscar ya uandishi, moja kwa hadithi iliyotoholewa kitabuni na nyingine kwa hadithi asilia. Lakini ya kwanza inakushika mkono hadi mlangoni. Ya pili inakuacha njia panda na kuondoka. Tuzo haikwambii tofauti hiyo.

Muda, na wapi pa kukata

Kwa dakika, kuanzia fupi: Flow 85, Conclave 120, Godzilla Minus One 125, Sinners 137, Anatomy of a Fall 151, Dune: Part Two 166. Humo yamo majina ya mwishoni.

Dune ina deni la ziada. Inaanza pale pale sehemu ya kwanza ya 2021 ilipokomea: Paul Atreides na mama yake wako jangwani pamoja na Wafremen, wenyeji wa jangwa hilo, na hakuna atakayekaa kukueleza nani aliiangamiza nyumba yao wala kwa nini. Sehemu hiyo ya kwanza ni dakika 155, kwa hiyo mzigo kamili ni saa tano na dakika 21. Muhtasari wa dakika kumi mtandaoni utakupa majina, ila hautakupa uzito wa watu waliokufa, na huo ndio unaosukuma sehemu ya pili. Nyingine tano zinajitosheleza. Hata Godzilla, yenye ndugu zake wengi tangu 1954, haihitaji uwe umeona hata mmoja.

Ikikulazimu kukata Dune, kata kabla ya uwanja wa mapigano wa Giedi Prime, sayari ya maadui, pale picha inapogeuka nyeusi na nyeupe. Hadithi yenyewe inahama sayari hapo, hutapoteza kitu. Anatomy of a Fall inakatika vizuri kesi inapokaribia kuanza. Conclave imegawanywa na kura: kila duru ina matokeo yake, simama baada ya lolote. Godzilla inakatika popote ambapo bahari imetulia. Sinners ina sheria moja tu: jua likishazama, usisimame, maana kuanzia hapo ni usiku mmoja unaokazwa kama kamba. Flow haikatiki, na kwa urefu ule haina haja.

Jambo dogo linalowaponyoka wengi: majina ya mwishoni ya Sinners yakianza, usizime. Katikati yake kuna onyesho refu ambalo kwa hakika ndilo hitimisho la filamu, na mwisho kabisa kuna kipande kingine kifupi. Flow nayo imeficha picha moja baada ya majina, na huduma nyingi za mtandaoni huruka majina zenyewe na kukupeleka kwenye filamu nyingine. Zima hilo kwenye mipangilio kabla hujaanza.

Lugha

Flow haina neno. Wanyama wanalia kama wanyama: paka, mbwa, lemuri, ndege karani tamba na kapibara, ingawa sauti ya kapibara halisi ilionekana nyembamba mno ikabadilishwa na ya ndama wa ngamia. Usiwashe maandishi ya chini, hasa yale ya wasiosikia vizuri, isipokuwa kama ni wewe uliyekusudiwa. Yatakuandikia "paka analia" kila dakika na kukuvurugia kila kitu.

Anatomy of a Fall ndiyo inayoharibiwa haraka zaidi na chaguo baya la lugha. Sandra ni mwandishi Mjerumani anayeishi milimani Ufaransa, mumewe amekutwa amekufa nje ya nyumba yao, naye anashtakiwa. Kifaransa chake kinayumba. Mahakamani analazimika kujitetea kwa lugha isiyo yake, kisha anaiacha na kuhamia Kiingereza, na kila anapohama mizani ya chumba inabadilika. Toleo lililotiwa sauti ya lugha moja linafuta jambo hilo lote. Chagua sauti asilia, kisha uhakikishe maandishi ya chini yanatafsiri Kifaransa na Kiingereza pia; mengine hufasiri Kifaransa tu na kukaa kimya pale penye Kiingereza.

Sinners ni Kiingereza, lakini ni Kiingereza cha Mississippi ya 1932, cha watu wanaobana maneno na kuyaimba. Hata anayekijua Kiingereza vizuri afadhali awashe maandishi. Conclave inachanganya Kiingereza, Kiitalia, Kilatini na Kihispania kidogo, ila inazungumzwa taratibu na kwa ufasaha. Godzilla ni Kijapani. Ipo iliyotiwa Kiingereza, nayo inatazamika kwa watoto wakubwa wasiopenda kusoma, japo vilio vya mwigizaji mkuu vinapoteza nusu ya nguvu.

Dune ina mshangao kwa msikilizaji wa Kiswahili. Lugha ya Wafremen imebuniwa juu ya mabaki ya Kiarabu, kwa hiyo utasikia Mahdi, na Lisan al-Gaib, ambayo kwa sikio letu ni ulimi wa ghaibu, bila kusubiri tafsiri. Muad'Dib, jina la panya wa jangwani analojichukulia Paul, lina mlio wa neno la Kiarabu lenye mzizi mmoja na adabu. Ni raha ndogo, lakini wasomaji wa Kiingereza hawaipati.

Kioo na sauti

Kwanza marekebisho mawili yanayofaa kwa zote sita. Runinga nyingi mpya hulainisha mwendo: huingiza picha za kubuni kati ya zile 24 za kila sekunde, na filamu ikaonekana kama tamthilia ya studio. Tafuta kwenye mipangilio ya picha, zima, au chagua hali ya filamu. Pili, sauti. Filamu za mtandaoni huja na njia sita za sauti, na mazungumzo hukaa kwenye njia ya katikati. Runinga yenye spika mbili inapozikunja njia hizo, maneno huzama na milipuko hupaa, ndipo unajikuta umeshika rimoti mkononi muda wote. Chagua sauti ya stereo badala ya 5.1 (hizo njia sita) na tatizo litapungua sana.

Sinners ndiyo yenye masharti mengi. Autumn Durald Arkapaw aliipiga kwa filamu ya milimita 65, akichanganya kamera za IMAX na mfumo wa Ultra Panavision 70. Sehemu kubwa ina uwiano wa upana kwa kimo wa 2.76 kwa 1, ukanda mwembamba unaochukua karibu asilimia 64 tu ya kimo cha runinga ya kawaida, juu na chini pakiwa peusi. Kisha ghafla picha inatanuka na kujaza kioo. Usidhani runinga imeharibika na usianze kubonyeza kitufe cha kukuza picha, maana utakata nyuso. Kwenye simu ukanda ule unabaki kama utepe. Sauti nayo haina mjadala: kuna onyesho kijana Sammie anapiga gitaa ndani ya kilabu, na muziki wa waliokufa na wa ambao hawajazaliwa unaingia humo humo. Kwa spika za simu ni kelele. Kwa sabufa ya wastani au hedifoni nzuri, ni dakika ambazo utazirudia.

Dune inataka besi na giza. Mdudu wa mchangani husikika kabla ya kuonekana, na asiyesikia mtetemo ule anaona vumbi tu. Picha za Giedi Prime zilipigwa kwa kamera za mwanga usioonekana kwa macho, infraredi, ndiyo maana ngozi za watu zinang'aa kama mfupa. Mwanga wa dirishani ukigonga kioo, unaona kijivu.

Godzilla inasamehe zaidi. Watu 35 tu walitengeneza madoido yake, vipande 610 vya picha kwa jumla, wakachukua Oscar, na kazi yao ya maji inaonekana hata kwenye runinga ya kawaida mradi usiku umeingia. Conclave na Anatomy of a Fall ni filamu za nyuso na minong'ono: kompyuta mpakato na hedifoni vinatosha kabisa, tena hedifoni inashinda runinga isiyo na spika za maana. Flow inapendeza popote. Kamera yake huzunguka muda mrefu bila kukatwa, kwa hiyo intaneti inayokwama huiumiza kuliko filamu nyingine, pakua kwanza.

Nani asiwepo chumbani

Kwa daraja za Marekani: Flow na Conclave ni PG (mzazi aongoze), Dune na Godzilla PG-13 (tahadhari kwa walio chini ya miaka 13), Sinners na Anatomy of a Fall R (walio chini ya miaka 17 wawe na mtu mzima). Daraja hizo zinadanganya kwa pande mbili. Conclave haina kitu cha kumdhuru mtoto, lakini mtoto wa miaka tisa atakufa kwa kuchoshwa. Flow ni ya wote, ila mtoto anayeogopa maji aandaliwe: mafuriko yanapanda muda mwingi wa filamu, paka anazama zaidi ya mara moja, na kuna tukio moja la kuagana angani ambalo wadogo hawalielewi na wakubwa wanalia.

Sinners ina damu nyingi, ngono, na ubaguzi wa rangi usiofichwa. Anatomy of a Fall haina ukatili wa kuonyeshwa sana. Kinachoumiza ni rekodi ya ugomvi wa mke na mume inayochezwa mahakamani mbele ya mtoto wao. Wanandoa waliogombana mchana wasiiwashe usiku. Si mzaha.

Mahali watu wanapoizima

Hapa ndipo filamu nyingi hukosewa bure.

Sinners hupoteza watu kwa pande mbili. Mpenzi wa vitisho huchoka mwanzoni, kwa sababu kwa muda mrefu mapacha Smoke na Stack, wote wakiigizwa na Michael B. Jordan, wanazunguka tu mjini Clarksdale wakikusanya wapishi, wapiga muziki na mlinzi wa mlango wa kilabu chao. Mpenzi wa hadithi za kihistoria hufurahia sehemu hiyo, halafu anashtuka vampaya wakianza kubisha hodi. Filamu inajua inachofanya: wale watu wote unaowaona wakiajiriwa mchana ndio utakaowahesabu usiku mmoja mmoja. Ukiwa na subira ya saa moja, malipo yapo. Ikiwa unataka hofu kuanzia dakika ya tano, hii siyo.

Conclave huwapoteza watu kwa majina. Shika sita tu: Lawrence, Dekano wa Baraza la Makardinali anayesimamia uchaguzi (Ralph Fiennes), Bellini, mwanamageuzi, Tedesco, Mwitalia anayetaka Kanisa lirudi nyuma, Tremblay, Mkanada mwenye tabasamu la mfanyabiashara, Adeyemi wa Nigeria, aliyeigizwa na Lucian Msamati, mwenye wazazi Watanzania, na Benitez, aliyefika kutoka Kabul bila mtu kumjua. Jua pia kwamba mshindi anahitaji theluthi mbili, maana hesabu hiyo ndiyo injini ya filamu. Udhaifu wake uko mwishoni: siri ya mwisho inafika haraka, na wengine huiona kama karata iliyotolewa mkononi mwa shati. Waumini wengine inawaudhi kabisa. Usiitafute mtandaoni kabla, kwa sababu bila mshangao ule robo ya filamu imekwenda.

Anatomy of a Fall inaanza na muziki unaorudiwa kwa sauti ya juu hadi ukauchukia. Vumilia, muziki huo ni ushahidi. Kikwazo kikubwa ni kwamba hukumu inatolewa lakini ukweli hautangazwi. Mtu anayetaka kuambiwa "alimuua" au "hakumuua" atahisi ameibiwa saa mbili na nusu. Sehemu ya kutazamwa kwa makini ni ushahidi wa Daniel, mtoto mwenye uoni hafifu, hasa namna filamu inavyotuonyesha kumbukumbu yake: angalia sauti inatoka kwa nani.

Dune inalemea katikati, pale dini na siasa za Wafremen zinapokuwa nyingi kuliko vita. Watazamaji wengi humshangilia Paul hadi mwisho na kukosa kwamba filamu inamwogopa. Mfuate Chani, yule Zendaya anayemwigiza. Uso wake ndio maoni ya filamu. Na haimalizi hadithi, inasimama mlangoni pa vita vingine.

Godzilla huwakatisha tamaa wanaotaka dubwana kila dakika tano. Sehemu kubwa ni rubani wa kamikaze, wale wa kujitoa mhanga vitani, aliyekwepa kufa, anaishi na mwanamke na mtoto wasio wake katika Tokyo iliyoungua, na anaona haya kuwa hai. Uigizaji wakati mwingine unapiga kelele mno. Lakini dubwana likifika Ginza, mtaa wa Tokyo, unaogopa kwa sababu unawajua walioko barabarani, jambo ambalo filamu nyingi za aina hii zimeshindwa.

Flow haielezi mafuriko yametoka wapi wala binadamu wameenda wapi. Haitaeleza. Manyoya ya wanyama pia hayana ule ufundi wa studio kubwa. Ilitengenezwa kwa Blender, programu ya bure, na mara nyingine inafanana na mchezo wa kompyuta. Baada ya dakika kumi jicho linazoea, maana mienendo ni ya kweli: paka yule anafanya kila kitu kama paka.

Kwa hali yako

Una saa moja na nusu na umechoka: Flow. Una watoto wa umri tofauti: Flow tena, au Godzilla iliyotiwa sauti kama mdogo kuliko wote ameshafika miaka kumi na miwili.

Mko watu wazima watano na hamkubaliani: Conclave. Ni fupi, inaeleweka hata mtu akitoka kidogo, na mtakuwa na la kubishania mkimaliza. Kama mabishano hayo ndiyo shida yenu, mkipenda kila mtu aondoke ametosheka, badilisheni na Godzilla.

Mko wawili, mmetulia, na mnapenda kuhukumu watu: Anatomy of a Fall. Kila mmoja aandike uamuzi wake kwenye karatasi kabla ya hukumu kusomwa.

Una simu tu: Conclave au Anatomy of a Fall, na hedifoni. Dune na Sinners ziache.

Una sabufa, chumba chenye giza na majirani walio mbali: Sinners ikiwa una jioni moja, Dune zote mbili ikiwa una siku mbili, ya kwanza leo na ya pili kesho. Kuzimaliza kwa mkupuo mmoja kunachosha sikio, na saa ya mwisho ya sehemu ya pili ndiyo inayolihitaji zaidi.

Na ukumbi wa sinema ukirudisha mojawapo ya hizi kwenye kioo kikubwa, nenda kwa Dune, Sinners au Godzilla hata kama umeshaziona nyumbani. Nyingine tatu hazitakuongezea kikubwa huko.